Taarifa za Bustani ya Martina

Kituo cha Misheni Kafwenge,
Mpanda.
5 Februari 2023

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nimefika salama. Siku mbili za basi, halafu saa tano nyuma ya pikapu ya misheni, nikiwa nimekalia mabati, na kuku wa Mchungaji Zefania wakinidonoa miguu. Kazi yenyewe imeshaanza. Nafundisha akina mama kusoma na kuandika siku tatu kwa wiki, siku nyingine tunazungukia wagonjwa, na Jumapili nina watoto sitini na sauti moja tu ya kuwanyamazisha.

Huku simu haishiki mtandao hata ukipanda mti. Pikapu inakwenda Mpanda mjini mara moja kwa mwezi, kwa hiyo barua nitampa kondakta wa basi la Singida, azishushe Mkiwa kwenye meza ya mboga ya Mama mdogo Editha. Najua hamsemezani tangu siku ya mazishi ya mama. Usikasirike, njia nyingine haipo. Mtume mtu akuchukulie.

Baba, najua ulitoa ng'ombe mapema asubuhi ile ili usinione nikipanda basi. Siku ya kuwekewa mikono kanisani pia hukuja, na kwenye fomu ya kanisa, mahali pa mzazi, ilibidi asaini Mama mdogo. Sikuandiki kukulaumu. Nataka tu ujue kwamba niligeuka kuangalia nyuma mpaka tukafika Mkiwa.

Sasa, bustani ya mama. Mchicha na nyanya zimeshaota, zinataka maji jioni na samadi kidogo. Boga lake nimepanda mashimo manne nyuma ya jiko. Mbegu zilizobaki zimo kwenye kibuyu juu ya mafiga, ni za mwaka ujao, usiziguse. Ndilo boga lile la kijivu, lililokuwa linakaa darini mpaka mwezi wa tisa bila kuoza. Nimezunguka soko la huku lote, sijaliona. Nikiwaza kwamba lipo nyumbani, linatambaa, naweza kulala.

Niandikie habari zake. Miaka miwili si mingi.

Mwanao,
Rebeka

*

Issuna,
26 Februari 2023

Mwanangu Rebeka,

Marahaba. Barua nimeipata kwa mkono wa Calist fundi baiskeli, ambaye sasa amejifanya tarishi na anataka chai kila akifika.

Habari ya kutoa ng'ombe mapema: ng'ombe hutolewa mapema. Tuiache hiyo.

Unajua vizuri kwamba mimi ni mtu wa mifugo. Baba yangu hakuchuma mboga, na babu yangu hakujua mboga zinatoka wapi. Lakini umesema nitunze, natunza. Jana nimekwenda kuikagua bustani kama mkuu wa wilaya, mikono nyuma. Mchicha wenu ni mwembamba, unasimama kama mtu aliyetoka kuumwa. Tatizo nimeliona. Wewe na mama yako miaka yote mmekuwa mkiweka samadi kwa kuibania, tena ile kuukuu ya nyuma ya zizi, iliyokauka na kupoteza nguvu. Mimi nina ng'ombe kumi na saba. Kesho naingia na toroli, na mtaona bustani ya mwanaume.

Ndimi baba yako,
Mughwai

*

Issuna,
2 Aprili 2023

(Barua hii haikutumwa. Iliwekwa ndani ya kitabu cha nyimbo cha marehemu Martina.)

Rebeka mwanangu,

Nimeiua bustani.

Nilipeleka toroli kumi na moja za samadi mbichi, ya asubuhi ileile, bado inatoa moshi. Nikaizungushia kila mche kwa mkono wangu, nikafurahi sana. Siku ya tatu majani yakawa ya njano. Siku ya sita yakawa kama yamepitiwa na moto. Mvua nayo ikakatika wiki nzima, haikuja kunisaidia. Nyanya, mchicha, boga, vyote vimekwisha.

Mama yako alichota ile kuukuu miaka ishirini na sita. Nilikuwa nikimwona na kucheka, nikidhani anakwenda nyuma ya zizi kwa sababu anamwogopa dume. Kumbe alikuwa anajua, na mimi niliyeishi na samadi tangu utotoni nilikuwa sijui. Sikumwuliza hata siku moja.

Halafu nikaogopa. Nikateremsha kibuyu, nikapanda mbegu zote zilizobaki, zote, nikisema labda zitaota kabla hujaandika tena. Zilichomoza, mvua za mwisho zikaondoka, zikakauka. Nilichota maji kwa siku nne, mgongo ukanikatalia. Boga la Martina limeishia mkononi mwangu. Nimekaa jikoni na kibuyu kitupu na nimelia, na sijui nitakuandikiaje.

*

Issuna,
3 Aprili 2023

Mwanangu Rebeka,

Marahaba, na habari za watoto sitini?

Bustani inaendelea vizuri sana. Nyanya zimekuwa nzito mpaka nimezifunga kwenye vijiti kwa vitambaa vya shati langu la zamani, lile la bluu. Boga limepanda juu ya ua wa mbuzi na limeshika kona yote, ukipita asubuhi unakuta maua yamefunguka na nyuki ndani. Mlenda umeota wenyewe kati ya matuta, na sijaung'oa, maana mama yako alikuwa akisema mlenda ni mgeni wa heshima. Mchicha nachuma juu, naacha chini uchipue.

Usiwe na wasiwasi. Fanya kazi ya Bwana.

Baba yako,
Mughwai

*

Kafwenge,
16 Julai 2023

Mpendwa Baba,

Shikamoo, na shikamoo tena kwa ajili ya bustani. Barua yako nimeisoma mara ishirini. Mara nyingine ishirini wameisoma akina mama wa darasani! Vitabu vya kusomea tunavyo vitatu tu kwa watu kumi na wanane, kwa hiyo nimenakili taarifa yako ubaoni na ndiyo somo letu. Mama Bonaventura, ambaye mwezi wa pili hakujua hata herufi ya jina lake, sasa anasoma "nyuki ndani" bila kukwama, na kila pikapu ikirudi anauliza kama mzee wa Singida ameandika.

Ila nikuulize jambo. Lile shati la bluu si ndilo mama alilolichana nikiwa darasa la nne? Vitambaa bado vipo? Na ua wa mbuzi tulishauondoa. Au umejenga mwingine?

Sikufichi, Baba, huku ni kugumu. Mwezi uliopita tulizika watoto wawili katika wiki moja, na mama wa mmoja alinishika mkono akaniuliza Mungu wangu ananisikia au la. Nilikaa naye tu, nikamsongea ugali. Nilitaka kurudi nyumbani. Nikatoa barua yako nikasoma habari za boga, nikaona kwamba kama baba yangu anaweza kuanza kulima mboga akiwa na miaka sitini na tatu, na mimi naweza kumaliza miaka miwili.

Mwanao,
Rebeka

*

Issuna,
20 Agosti 2023

Mwanangu,

Marahaba. Vitambaa vizuri hukaa. Ua nimejenga mwingine. Wewe ni mmisionari au ni polisi?

Kuhusu yule mama: kukaa naye lilikuwa jibu. Mama yako alipofariki, watu walinisemea maneno mengi ya Biblia na siyakumbuki, namkumbuka mtu mmoja aliyenichotea maji ya kunawa.

Bustani ipo. Boga limetoa ua tena juzi. Jioni nikimaliza kufunga zizi nakwenda kusimama pale nyuma ya jiko. Nakumbuka mama yako alivyokuwa akimwagilia kwa kopo la mafuta alilolitoboa matundu kwa msumari, kanga imefungwa kiunoni, anaimba wimbo wa kwaya na maneno anayakosea makusudi ili nimsahihishe. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, hatua kumi tu. Namsahihisha maneno, sinyanyuki. Alikuwa akimaliza ndoo ya mwisho ananiletea karanga mbichi zilizofuatana na magugu, anasema huu ndio mshahara wa mwangalizi. Nilikuwa nadhani ananitania.

Yote hayo yapo bado. Wasomee akina mama hao.

Baba yako,
Mughwai

*

Kafwenge,
8 Septemba 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Miaka miwili inaisha Desemba. Nilitaka kukuambia ana kwa ana, lakini muda hauniruhusu.

Kanisa limeniomba nibaki miaka mitatu mingine. Akina mama kumi na wanne wamemaliza kusoma, na wengine thelathini wamejiandikisha. Mama Bonaventura ananisaidia kuwafundisha wapya. Baba, ninaitaka kazi hii. Mwaka jana nilikuwa nahesabu siku, sasa sihesabu tena.

Ndani ya bahasha kuna fomu. Mtumishi ambaye hajaolewa lazima mzazi wake asaini, na kuna nafasi ya maoni. Mara ya kwanza alisaini Mama mdogo, na jambo hilo limenikaa moyoni kama mwiba wa samaki. Safari hii sitapeleka sahihi ya mtu mwingine. Usiposaini, nitarudi Januari na sitanung'unika.

Nilijiuliza sana kama ni haki kukuacha peke yako miaka mitano. Nikarudia taarifa zako zote. Mtu anayelima vile, anayekula mboga za mkono wake, si mtu aliyeachwa. Bustani ndiyo iliyonipa amani ya kukuomba.

Mwanao anayekupenda,
Rebeka

*

Issuna,
13 Oktoba 2024

Mwanangu Rebeka,

Marahaba. Hapa ni vumbi tu, tunangoja mvua. Yule ng'ombe Mabaka amezaa ndama jike. Mwalimu Joshua amestaafu. Alizeti mwaka huu ilikuwa ya wastani. Nyanya hazijambo.

Nakutakia kazi njema.

Baba yako,
Mughwai

*

Mkiwa,
17 Novemba 2024

Shemeji Mughwai,

Calist atakukabidhi barua hii, umpe chai yake. Miaka minne na zaidi hatujasalimiana, kwa hiyo salamu zote pokea kwa pamoja.

Rebeka ameniandikia kwamba fomu yako haijafika na Desemba ndiyo hii. Analia. Anasema labda baba bado ana hasira. Anasema pia bustani inaendelea vizuri, nyanya zimefungwa kwa vitambaa, boga liko juu ya ua. Nilicheka mpaka mteja akaacha vitunguu vyake mezani. Shemeji, mimi huja kusafisha kaburi la dada yangu kila mwezi wa sita, ukiwa machungani. Nyuma ya jiko lako hakuna hata jani. Ua wa mbuzi haupo. Kuna jogoo mmoja anaoga vumbi.

Mtoto sijamwambia. Hilo ni jambo lako na yeye. Lakini unamfanya aamue maisha yake juu ya bustani isiyokuwepo, na hiyo siyo haki.

Najua pia kinachokufunga mdomo. Unaona aibu ya boga. Sasa sikiliza, maana inaonekana umeishi na mke bila kujua wanawake wanaishije. Ulidhani mbegu za Martina zilikuwa ndani ya kibuyu kimoja? Kila aliyekula boga lake aliondoka na mbegu kwenye pindo la kanga. Liko kwangu. Liko kwa mke wa mchungaji. Liko Ikungi kwa binti wa shangazi yako, na liko kwa jirani yako Happiness, hatua hamsini kutoka mlangoni pako, anakupikia kila msiba na hujawahi kuuliza boga lile la kijivu katoa wapi. Sote tumekungoja ufungue mdomo. Mwaka wa pili huu.

Mbegu sikuletei. Njoo uziombe.

Na fomu safari hii sisaini. Ile ya kwanza niliisaini kwa hasira yangu juu yako, na karatasi ya mtoto haisainiwi kwa hasira.

Shemeji yako,
Editha

*

Issuna,
15 Desemba 2024

Mwanangu Rebeka,

Marahaba. Kaa chini kabla hujasoma, na hii usiwasomee akina mama mpaka umeimaliza mwenyewe.

Bustani haipo. Haijakuwepo tangu Machi ya mwaka ule ulioondoka. Niliichoma kwa samadi mbichi, halafu nikazimaliza mbegu za kibuyu kwa woga. Ndani ya bahasha hii kuna barua niliyokuandikia wakati ule nikaificha. Isome, ina madoa ya machozi. Kila kitu nilichokuandikia baada ya pale nilikitoa kichwani. Ua wa mbuzi, vitambaa, nyuki, ni bustani ya mama yako ya miaka ile. Nilidhani sikuwa nikiitazama. Nilipokaa na kalamu nikakuta nimeiona yote, kila tuta, hata mahali alipokuwa akiweka kopo. Nikawa nasubiri barua zako ili nipate sababu ya kurudi pale. Ndivyo nilivyokudanganya karibu miaka miwili, na nakuomba msamaha.

Ijumaa ya mwisho ya Novemba nilikwenda Mkiwa. Nilivaa koti. Nilisimama mbele ya meza ya Editha, nikapiga hodi, na meza haina mlango, wanawake watano wakanitazama. Nikasema nimekuja kuomba mbegu za boga la marehemu mke wangu. Editha akaniuliza, na lile neno nililosema siku ya mazishi, lilikuwa la uongo? Unalikumbuka. Alisema mbele ya watu kwamba Mughwai hakumbebea Martina hata ndoo moja. Nikamjibu, ni kweli. Sikubeba hata moja. Nilikaa kwenye kigoda. Editha akaanza kulia, na mimi nikalia, pale barabarani, malori yakipita na madereva wakipiga honi. Halafu akafuta uso, akanikaripia kuhusu samadi kwa muda mrefu kuliko mahubiri.

Nimepanda mashimo sita kwa samadi kuukuu. Nabeba ndoo mwenyewe, asubuhi mbili na jioni mbili. Yameota manne, moja limeliwa na kuku. Kwa hiyo taarifa ya kweli ya bustani leo ni miche mitatu.

Fomu nimeisaini. Sikuisaini kwa sababu mambo yangu yamestawi. Chakula cha jioni nakula nimesimama, kwa sababu nikikaa naona viti vingine. Nataka urudi. Nilitaka urudi hata kabla hujaondoka, ndiyo maana nilikwenda na ng'ombe, sikuweza kukuona ukipanda basi. Sasa unajua yote, amua ukiwa unayajua. Ukibaki, utakuwa umebaki na baraka yangu, si ya Editha.

Baba yako,
Mughwai

*

Kafwenge,
12 Januari 2025

Mpendwa Baba,

Shikamoo.

Nilikaa chini kama ulivyosema. Nililia kwanza kwa hasira, sikufichi. Nilitoka nikatembea mpaka mtoni nikisema peke yangu. Kisha nikakumbuka kwamba ulipoandika ua la boga mwezi wa nane, kiangazi kikavu, moyo wangu ulishtuka. Mimi ni mtoto wa Martina, najua boga halitoi ua Agosti bila mtu wa kulichotea maji. Sikukuuliza. Nilitaka iwe kweli, kwa sababu ikiwa kweli mimi niko huru. Kwa hiyo tulikuwa wawili katika uongo huo, na mimi nakuomba msamaha.

Akina mama niliwasomea mwishoni. Halafu Mama Bonaventura akauliza, "Ina maana zile nyanya za vitambaa hazipo?" Akakasirika kwelikweli. Amesema nikuandikie kwamba yeye alikwisha chana shati la mumewe.

Fomu Mchungaji Zefania aliifungua mbele yetu. Wazazi wa wenzangu, kwenye nafasi ya maoni, wameandika "Nakubali." Wewe umejaza mistari yote mpaka pembeni. Naandika hapa ulivyoandika, maana nimeomba nakala:

"Simruhusu kwa sababu simhitaji. Namhitaji. Namruhusu kwa sababu kazi yake nimeisoma katika barua zake na ni kazi ya kweli. Akiugua mnijulishe siku ileile. Atasema ameshiba wakati hajashiba, msimwamini."

Mchungaji alishindwa kumalizia, akampa Mama Bonaventura. Akasoma yeye mpaka mwisho, bila kukwama hata mara moja.

Baba, nimeomba mwaka mmoja, si mitatu. Mchungaji amekubali. Mama Bonaventura atakuwa tayari kushika darasa, na mimi nitakuwa nimemaliza nilichokuja kukifanya. Ndani ya mwaka huo nimepewa ruhusa ya wiki tatu, mwezi wa nne. Usinipikie chochote cha maana. Nataka tu tukae mezani wote wawili.

Mwanao,
Rebeka

*

Issuna,
9 Februari 2025

Mwanangu Rebeka,

Marahaba. Nimepata, na nimemsomea Editha. Anasema ulivyo mkaidi umenirithi mimi, akasema mabaya mengine ambayo sitayaandika.

Miche imebaki miwili. Mmoja ni mgonjwa, sijui kama utapona, na safari hii nakuambia.

Mwaka mmoja nitauweza. Mitatu nayo ningeiweza, ila ningesema uongo mwingi sana.

Baba yako,
Mughwai